Saa ya Bi Harusi Isiishie Kwenye Picha za Harusi



Leo tuna neno na mabi harusi, na zaidi tuna neno na wale wanaowanunulia vitu vya kutia sandukuni. Sisi kazi yetu ni kushona, saa hatuuzi. Lakini mkono wa bi harusi tunaushika kila tunapopima mikono ya nguo, na saa tulizoziona ni nyingi. Mara nyingi ni zile za rangi ya dhahabu zenye vijiwe vya kumetameta, zilizokuja ndani ya boksi la mahameli pamoja na bangili na pete. Siku ya picha zinapendeza, hatukatai. Miezi mitatu baadaye bi harusi yule yule anarudi kuongezwa nguo, ukimuuliza saa ngapi anatia mkono mkobani kutafuta simu. Saa imeingia maji wakati wa udhu, au rangi imechunika na mkono ukaanza kumwasha, akaivua akaiweka.

Mmoja wao ndiye aliyetufanya tuandike haya. Kabla ya ndoa alikuwa akitembea na sisi Maisara baada ya sala ya Alfajiri, mchangamfu, anatuacha nyuma sote. Baada ya mwaka na mtoto mmoja alikuja na gauni tumpanulie. Wala hakuwa na huzuni ya gauni. Alituambia, "Dada, sasa nikipanda ngazi za Michenzani nafika ghorofa ya tatu nimekaa kitako." Tukamuuliza mazoezi ameachia wapi. Akasema muda haupati. Akichukua simu kuangalia saa, anakuta ujumbe, anajibu, anaona picha, akija kushtuka nusu saa imekwenda na mtoto analia.

Tulimwazima saa ya mpira ya kizamani iliyokuwa haina mtu. Akakubaliana na mumewe: akiiwasha ihesabu dakika 30, baba anashika mtoto mpaka ilie. Simu inabaki nyumbani. Siku za mwanzo mume alikuwa anachungulia dirishani, baadaye akazoea. Leo dada huyo yuko nasi tena Maisara, na ile saa hajaturudishia, na hatuidai.

Rai yetu

Rai yetu ni hii: kama bajeti ya sanduku inatosha saa moja tu, iwe saa ya michezo ya dijitali, imara, isiyoogopa maji. Ya dhahabu ifuate kama fedha imebaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Igawe, ni nusu saa kwa siku 5. Nusu saa si nyingi, lakini mwanamke aliyeolewa asipoiwekea mipaka, nyumba nzima itaigawana. Mwili ni amana, na wakati Allah ameuapia katika Suratul-Asr. Kitu kinachokulindia vyote viwili si pambo la kudharau.

Tuanze na udhu

Kwetu sisi saa hukutana na maji mara tano kwa siku kabla hata ya kuosha vyombo. Na udhu unataka maji yafike kwenye ngozi mpaka viwikoni, pamoja na pale chini ya mkanda. Maulamaa wametufundisha kuwa pete iliyobana itikiswe ili maji yapite, na saa ni vivyo hivyo: ivue, au iwe na nafasi ya kuisogeza uoshe chini yake. Kwa hiyo chagua mkanda unaofunguka kwa mkono mmoja, wenye matundu mengi. Faida nyengine ni kwamba ngozi inapumua. Jasho na sabuni vikikaa chini ya mkanda siku nzima huleta vipele, kisha tunailaumu saa.

Maana ya mita

Hapa ndipo tunapoibiwa. Geuza saa usome nyuma. Ikiwa imeandikwa Water Resist bila namba, au mita 30, hiyo inastahamili mvua, matone na udhu, usiogelee nayo. Mita 50 ni ya kuogelea kawaida. Mita 100 waweza kuogelea na kucheza baharini bila wasiwasi. Mita 200 ni zaidi ya mahitaji yetu wengi. Wala usifikiri mita 50 maana yake uzame mita 50. Namba ile ni ya kipimo cha shinikizo kiwandani, saa ikiwa imetulia. Mkono unaopiga maji ni jambo jengine.

Ndani kuna mpira mwembamba unaozuia maji. Maji ya moto, mvuke na sabuni vinauchosha mpira huo, na kubonyeza vitufe saa ikiwa majini kunaweza kuyafungulia maji njia. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi, chumvi isikaukie kwenye vitufe. Na ukibadilisha betri, mwambie fundi aukague ule mpira na aurudishe mahali pake. Kama hana uhakika, saa hiyo ni ya nchi kavu kuanzia hapo.

Tunayasema haya kwa sababu wanawake wa visiwa hivi maji ni yetu. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanalima mwani, mikono yao iko ndani ya chumvi kila bamvua. Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na nguo za stara kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mwanamke wa aina hiyo humnunulii saa ya kuogopa tone la maji.

Ipi hasa?

Wengi mnaijua Casio F-91W, ile ndogo nyeusi iliyotoka mwaka 1989. Uzito wake ni gramu 21 tu, betri inakaa kama miaka 7, ina kengele moja na kipima mbio. Kwa kutembea na kazi za nyumbani inatosha kabisa. Ila haina namba ya mita, kwa hiyo bahari hapana. Zimejaa za kuigiza: ya kweli ukibonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia sekunde 3, jina la Casio hutokea kwenye kioo. Hiyo si kinga kamili, lakini ya kuigiza nyingi hapo hukamatika.

Ukitaka ya kuogelea, Casio W-800H ni ya mita 100 na betri ya miaka 10. Hiyo ina saa mbili ndani yake, unaweza kuweka ya hapa na ya Muscat, waliotutangulia kwa saa moja, usije ukampigia shangazi usingizini. AE-1200 nayo ni ya mita 100 na miaka 10, inahesabu dakika kurudi nyuma, na ina kengele 5. Tano, kama sala zetu! Kumbuka tu nyakati za sala zinasogea, uzirekebishe kila wiki. Kwa mkono mwembamba ni kubwa kidogo, ipime kwanza.

Mwenye uwezo zaidi kuna G-Shock. Mhandisi Kikuo Ibe alianza kuifikiria baada ya saa aliyopewa na baba yake kuanguka ikavunjika, na ya kwanza ikatoka 1983. Mwaka 1994 ikaja Baby-G kwa wanawake. Zikianguka kwenye sakafu ya jikoni unaziokota unaendelea na wali wako.

Angalizo moja ambalo muuzaji hakwambii: saa zinazochajiwa na mwanga zinataka mwanga. Sisi tunaovaa mabuibui yenye mikono mirefu tunaifunika kutwa. Ukinunua ya aina hiyo, ukifika nyumbani iweke karibu na dirisha, ila isikae kwenye jua kali la mchana.

Saa janja je?

Hatuzipingi. Zinapima mapigo ya moyo, zinahesabu hatua. Lakini nyingi zinataka chaji kila baada ya siku chache, umeme ukikatika imekuwa bangili. Na zinaleta ujumbe mkononi, yaani ile simu tuliyoikimbia imetufuata Maisara. Mapigo ya moyo unaweza kuyapima mwenyewe: weka vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa kiganja, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa mtu wa miaka 30, mazoezi ya wastani ni kama mapigo 122 mpaka 144 kwa dakika. Hata bila hesabu, ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Mjamzito au mwenye maradhi amsikilize daktari wake kwanza.

Watakayosema watu

Watasema saa ya mpira ni ya kiume, au ya mtoto wa skuli. Sisi mafundi tunawajibu kwa lesi: mkanda wa chuma ndio unaovuta uzi wa lesi na kung'oa shanga, mpira haufanyi hivyo. Na rangi zipo, nyeupe, waridi, zambarau, na nyembamba zipo.

Watasema bi harusi na mbio wapi na wapi. Tunawakumbusha Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeshindana mbio na Mtume, rehma na amani ziwe juu yake. Mara ya kwanza alishinda yeye. Baadaye, mwili ulipokuwa umeongezeka, Mtume alimshinda na akamwambia kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Mke na mume hao. Nani atasema mchezo huo si wa heshima?

Watasema mavyaa ataona umepewa kitu cha bei rahisi. Mama mwenye busara akiona mkwewe anaamka Alfajiri kwa kengele yake na kupanda ngazi bila kuhema, hataulizia bei. Na kama ataulizia, mwambieni saa ile itamzika sanduku.

Siku yenyewe

Siku za singo, hina na piko ivue, ikae kwenye boksi lake. Mafuta na manukato yanaharibu mkanda, na mkanda utaharibu hina mbichi. Siku ya harusi vaa dhahabu yako, meta, upigwe picha. Baada ya fungate, ifunge ile ya mpira. Zima ule mlio wa kila saa kabla hujaingia msikitini, kisha weka kengele yako ya kwanza, ile ya nusu saa yako.

Na nyinyi mashoga mnaochangishana zawadi, badala ya seti ya kumi ya glasi, ulizeni ukubwa wa kiganja chake. Allah atujaalie afya njema, atubarikie katika nyakati zetu na ndoa zetu. Amin. Tukutane Maisara, inshaallah, sisi huanza saa kumi na mbili na robo, na hatumsubiri mtu.