Kungoja Kisanduku

Kuna uongo mmoja umeenea miongoni mwa vijana wetu wanaopenda kurekodi sauti nyumbani, nao ni huu: kwamba sauti nzuri hutoka katika kisanduku, na kwamba kisanduku kikiwa cha bei rahisi basi na sauti nayo itakuwa rahisi. Nimeusikia katika vikao vya kwaya, nimeusikia kwa wajukuu zangu, na nimeusikia kwa wauza vifaa vya umeme ambao, kusema kweli, ndio wenye faida nao. Nakusudia kuupinga hapa bila kuona haya, kwa sababu umekwisha kutugharimu kitu kisichouzwa dukani.

Kwanza nikieleze kisanduku chenyewe kwa msomaji asiyekijua. Maikrofoni kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, lakini umeme huo ni kidogo mno. Chukua maikrofoni ya Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu kama mpira, inayouzwa tangu mwaka 1966 na ambayo hukosi kuikuta katika makanisa na kumbi za harusi. Mtu akiongea kwa sauti ya kawaida umbali wa mita 1, maikrofoni hiyo hutoa umeme usiofika hata sehemu 1 ya 25,000 ya volti. Umeme wa namna hiyo haufai kitu mpaka ukuzwe mara elfu na zaidi, ndipo kompyuta iweze kuupokea. Kinachofanya kazi hiyo ni kikuza-awali, ambacho vijana hukiita priampu. Siku hizi mara nyingi kimo ndani ya saundi kadi ya nje, kile kiboksi kinachochomekwa kwenye kompyuta. Lakini kipo pia kinachouzwa peke yake, na hapo ndipo bei inapopanda kutoka ya mbuzi wawili hadi ya ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake.

Wanaotetea bei ya ng'ombe wana hoja moja ya maana, nami sitaificha. Wanasema: ukikuza umeme mdogo mara elfu, na mchakacho uliomo nao unaukuza mara elfu, kikuza-awali kibaya hulia shaaa kama kikaango chenye mafuta. Ni kweli. Kwa miaka mingi visanduku vya bei ya chini vilikuwa hivyo hasa.

Lakini tusikilize elimu ya fizikia, maana haina duka. Mwaka 1928 John B. Johnson na Harry Nyquist, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, walionyesha kwamba kila kitu kinachozuia umeme, hata waya wa koili ndani ya maikrofoni, hutoa mchakacho wake kwa sababu tu ya joto lililomo. Kwa maikrofoni ya kawaida ya omu 150, katika joto la chumbani, mchakacho huo ni kama mikrovolti 0.2. Huo ndio mpaka. Hakuna tajiri anayeweza kununua kikuza-awali cha kuupita, hata auze shamba lake lote la kahawa. Na kikuza-awali cha bei ya chini kilichotengenezwa kwa uangalifu siku hizi kimeukaribia mpaka huo. Kimebakiza desibeli tatu au nne hivi. Kwa hiyo anayelipa bei ya ng'ombe ili kuondoa mchakacho ananunua hizo desibeli tatu au nne, basi.

Je, zina thamani gani? Nimefanya hesabu kwa kalamu na karatasi, kama nilivyokuwa nikiwadai wanafunzi wangu. Mchakacho wa kikuza-awali kizuri cha bei ya chini, kikitumiwa na maikrofoni ile ya Shure, ni sawa na sauti ya desibeli 20 hivi mbele ya maikrofoni. Chumba kilicho kimya sana usiku hakipungui desibeli 30. Nami nazungumzia chumba kisicho na nyenje dirishani, kisicho na jogoo wa jirani asiyejua saa, wala bodaboda anayepita akipiga honi bila sababu. Mchakacho wa kisanduku umezama chini ya kelele za nyumba yenyewe. Unalipia usafi wa glasi ambayo utaitilia maji ya mtoni.

Nilimwambia hayo kijana mmoja, msomi kabisa, aliyekuja kuniomba mchango wa kwaya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo yako naiheshimu, Mwalimu, lakini bila priampu ya maana tutapata uchafu tu." Nikamwuliza kwaya husimama umbali gani na maikrofoni. Akasema kama mita 3, ili wote waingie. Nikamwuliza paa la ukumbi ni la nini. La mabati, bila dari.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maikrofoni kwa nusu, umeme unaotoka huwa maradufu. Ukisogea kutoka mita 1 hadi sentimita 10, unapata mara kumi, yaani desibeli 20, bila senti moja na bila kukuza mchakacho wowote. Kusogea ni kikuza-awali cha bure. Tena mwangwi wa kuta na kelele za nje hubaki pale pale zilipokuwa, wakati sauti unayoitaka imekua. Hakuna kisanduku duniani kinachoweza kufanya hivyo, kwa sababu kisanduku hukuza kila kilichoingia bila kubagua, neno na kikohozi pamoja. Chumba chenye magodoro mawili ukutani na mablanketi yaliyotundikwa dirishani kitaisaidia kwaya ile kuliko ng'ombe wote wa kata yetu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa huko Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa leo Likasi. Walirekodi gitaa moja na sauti ya mtu mmoja. Wimbo wa "Masanga" uliotokana na kazi hiyo wapiga gitaa wanaufundishana hadi sasa. Tracey alikuwa na tabia ya kuishika maikrofoni mwenyewe mkononi na kuisogeza palipo na sauti. Alijua siri ni umbali. Mtaniambia mitambo yake ilikuwa ghali kwa wakati ule. Naam, ilikuwa ghali. Lakini utepe wa zama zile ulikuwa na mchakacho mwingi kuliko kiboksi cha mbuzi wawili cha leo, na hakuna anayesikia mchakacho anapomsikiliza Bosco.

Sasa niseme lililonitia uchungu. Huku kwetu Kagera kuna enanga, ala ya nyuzi saba au nane zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama kihori, na mwenye kuipiga huimba tendi za kale, kama zile za Rukiza na Kachwenyanja, ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza kwa miaka mingi. Kijijini kwetu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa na tendi ambazo mimi sijazisikia kwa mtu mwingine. Alikuwa tayari kurekodiwa. Alisema hivyo mbele ya watoto wake. Wajukuu wakaenda kuuliza katika studio moja mjini, wakaambiwa kwamba enanga ina sauti ndogo, kwa hiyo bila kikuza-awali cha aina fulani, tena chenye valvu, wasijisumbue. Wakaanza kuchanga. Walichanga mwaka mzima na nusu. Katika muda huo maikrofoni ya kanisa ilikuwa kabatini, na saundi kadi ndogo ilikuwa kwa mwalimu wa kwaya, umbali wa kutembea kwa miguu. Mzee akafariki kabla ya masika. Pesa za kisanduku zilitumika kwenye matanga.

Sitaki kuambiwa kwamba ilikuwa ajali. Mtu aliyewaambia wasubiri alikuwa anauza kile walichoambiwa wakisubiri.

Na hiyo valvu nayo tuitazame. Valvu halisi ya kukuza sauti hupenda volti 200 na zaidi. Ndani ya vingi vya visanduku vya bei ya kati hupewa sehemu ndogo tu ya volti hizo, ikawa kama mtu anayelimishwa kwa njaa. Na katika baadhi yake nyuma ya valvu pamewekwa kitaa chekundu ili mnunuzi aone moto. Kazi ya kukuza inafanywa na kijipande cha silikoni kilicho pembeni, ambacho hakisifiwi na mtu. Wengine hutaja kwa unyenyekevu kikuza-awali cha 1073 cha Rupert Neve, Mwingereza, cha mwaka 1970. Ni kifaa bora, sibishi, na kinaigwa hadi leo. Lakini sifa zake zilipatikana katika studio zenye vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya sauti, mbele ya wanamuziki hodari, mikononi mwa mafundi waliojua mahali pa kuweka maikrofoni. Ukikileta chini ya mabati wakati wa mvua ya Bukoba, kitarekodi mvua kwa ufasaha mkubwa.

Basi mwenye pesa ya mbuzi wawili anunue nini? Anunue saundi kadi yenye tundu la maikrofoni la pini tatu na swichi ya volti 48, na aangalie kwenye karatasi yake kama inakuza desibeli 60 au karibu yake. Ikiwa ni 50 tu, itamtosha mwimbaji anayesogea karibu, lakini msimulizi wa sauti ya chini ataipa taabu. Ajihadhari pia na mitindo: kuna maikrofoni ya SM7B, iliyotoka mwaka 2001, ambayo vijana huiona kwenye video na kuitamani, nayo hutoa umeme mdogo kuliko hata SM58. Anayeinunua hugundua baadaye kwamba inamdai kisanduku kingine cha kuisukuma.

Kuijaribu dukani ni vigumu, maana nani atasikia mchakacho katikati ya Kariakoo? Akubaliane na mwenye duka, kwa maandishi, kwamba ataipeleka nyumbani na kuirudisha kesho yake ikiwa mbovu. Atajibiwa kuwa mali ikitoka hairudi. Aende duka la pili. Usiku avae hedifoni, achomeke maikrofoni, afungulie kitufe mpaka pale sauti yake ya kawaida inaposikika vizuri, kisha anyamaze asikilize. Akisikia mvumo mnene badala ya mchakacho, achomoe chaja ya kompyuta na kutumia betri. Mara nyingi mvumo huo unatoka kwenye chaja, na watu wengi wametupa vifaa vizima kwa kosa la chaja.

Wako wanaostahili kutumia zaidi. Anayerekodi kila siku kwa riziki anahitaji kifaa kisichokufa, na anayetaka maikrofoni nane kwa mara moja hana njia ya mkato. Ama kwa enanga, ambayo kweli ina sauti ndogo, pesa ya ziada iende kwenye maikrofoni ya kondensa, inayotumia zile volti 48. Hiyo hutoa umeme mara kumi au zaidi kuliko ile ya Shure, na kikuza-awali cha bei ya chini kinaimudu bila jasho. Ubaya wake ni kwamba inasikia kila kitu, hadi vyura.

Mzee wa pili wa enanga anaishi ng'ambo ya bonde, na ana miaka zaidi ya themanini. Tumekwenda kwake mara tatu, asubuhi, nyenje wakiwa wamenyamaza na mvua bado haijaja, tukiwa na saundi kadi ya mwalimu wa kwaya na maikrofoni ya kuazima iliyowekwa shubiri mbili kutoka kwenye nyuzi. Tendi mbili zimekamilika. Ya tatu ilikatika katikati kwa sababu alichoka, na ametuambia turudi Jumatano, tulete na kiti kingine, maana chake kinalia.