Mwenye kisukari asome mgongo wa pakiti, si uso wake

Mwisho wa mwezi ukifika, familia nyingi za mjini huingia supamaketi na orodha ndefu mkononi. Pale penye mgonjwa wa kisukari, orodha hiyo haikosi biskuti zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari, pakiti ya maji ya matunda yasiyotiwa sukari, na mkate wa rangi ya kahawia. Bei ya vitu hivi aghalabu huwa juu kuliko ya vile vya kawaida, lakini watu wa nyumbani hulipa bila kunung'unika. Kinachowashangaza ni kwamba siku ya kliniki, kipimo cha damu bado kiko juu. Hapo ndipo mgonjwa huanza kushukiwa kwamba anakula peremende kwa siri, na ugomvi ukaingia nyumbani bila sababu.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maneno yaliyo mbele ya pakiti ni ya kuuzia. Yale ya kumsaidia mgonjwa yako nyuma au ubavuni, katika jedwali dogo la herufi nyembamba ambalo wengi wetu hatulitazami.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sukari ya damuni haitokani na sukari ya mezani peke yake. Wanga wote, uwe wa mahindi, ngano, mchele au viazi, husagwa tumboni ukawa glukosi, nayo glukosi ndiyo ipimwayo kliniki. Kwa hivyo, ukitazama lile jedwali, usikimbilie mstari wa sukari. Tafuta kwanza mstari wa jumla ya wanga, ambao kwenye pakiti zetu huandikwa 'carbohydrate'. Sukari iliyotajwa chini yake ni sehemu tu ya jumla hiyo.

Chukua zile biskuti. Kanuni za kimataifa za Codex huruhusu chakula kuitwa kisicho na sukari iwapo sukari yake haizidi gramu 0.5 katika kila gramu 100. Hakuna uongo hapo. Lakini biskuti ni unga, na gramu 100 za biskuti kama hizo huweza kuwa na gramu 60 za wanga au zaidi. Mgonjwa aliyemaliza pakiti nzima kwa chai, akijua ameambiwa hazina sukari, hakumdanganya mtu.

Maji ya matunda nayo yana hadithi yake. Kutotiwa sukari si kukosa sukari, kwa kuwa tunda lina sukari yake ya asili. Maji ya machungwa matupu huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Glasi ya mililita 250 basi ina gramu 25, na ukihesabu kijiko cha chai kuwa gramu 4, hivyo ni vijiko sita. Ni afadhali mgonjwa ale chungwa lenyewe, apate na nyuzinyuzi zake.

Jambo la pili ni kipimo. Baadhi ya majedwali huonyesha hesabu ya gramu au mililita 100, mengine huonyesha kiasi anachokadiriwa kutumia mtu mmoja kwa mara moja, yaani 'per serving'. Kiasi hicho hukadiriwa na mtengenezaji, wala si lazima kiwe ndicho unachokunywa wewe. Tuseme chupa ya soda ya mililita 500 inaonyesha hesabu ya mililita 250. Mwanafunzi anayeimaliza chupa nzima kwa kiu lazima azidishe kila tarakimu kwa mbili. Soda yenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 itampa gramu 53, sawa na vijiko 13 vya chai.

Sasa tuingie jikoni, kwa maana ndiko kwenye mzigo mkubwa zaidi. Unga wa mahindi una karibu gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Familia ya watu watano ikisonga kilo moja ya unga kwa chakula cha jioni na kugawana sawa, kila mmoja amekula unga gramu 200, yaani wanga wa gramu 150. Wataalamu wengi wa lishe humwanzishia mtu mzima mwenye kisukari gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo mmoja, kisha wakaongeza au kupunguza kulingana na umbo lake, kazi yake na dawa zake. Mgonjwa wetu amepita kipimo hicho mara mbili na zaidi bila kulamba chembe ya sukari. Hatusemi ugali uachwe. Tunasema kipande kipunguzwe, sukuma wiki iongezwe, na maharagwe au samaki wapewe nafasi yao kwenye sahani.

Aidha, soma orodha ya viungo. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Rangi ya kahawia ya mkate yaweza kutokana na karameli, ambayo ni sukari iliyounguzwa. Mkate wa ngano isiyokobolewa utaiona ngano hiyo imetajwa mwanzo kabisa, na ukifikisha gramu 6 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100, huo una nyuzinyuzi za kutosha. Sukari nayo ina majina mengi: glukosi, dekstrosi, sukrosi, asali na maltodekstrini, ambayo ni wanga unaogeuka glukosi upesi.

Kuna wakati mmoja ambapo kusoma pakiti ni suala la uhai. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari huweza kushukiwa na sukari mwilini, hasa akikosa mlo. Atatoka jasho, atatetemeka, ataona njaa kali au aanze kusema mambo yasiyoeleweka. Hapo anahitaji kama gramu 15 za sukari upesi, mfano nusu glasi ya soda ya kawaida, mililita 150 hivi. Ukimpa ile soda isiyo na sukari mliyomnunulia kwa mapenzi, hutakuwa umemsaidia lolote. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na ikiwa bado iko chini apewe nyingine. Akizirai, usimtie kitu chochote kinywani, mkimbizeni hospitali.

Basi wiki hii, wazazi, toeni pakiti zilizoko kabatini muziweke mezani. Mwachieni mwanafunzi wa nyumbani kalamu na karatasi amfanyie nyanya au baba hesabu: wanga katika gramu 100, uzito wa anachokula, kisha zidisha na ugawe kwa 100. Yaandikeni majibu kwenye karatasi mwende nayo kliniki, mkamwulize daktari au mtaalamu wa lishe kiasi kinachomfaa mgonjwa wenu. Dawa zisipunguzwe wala kuachwa kabla ya kumsikiliza yeye. Na kabla hamjamshuku mgonjwa kwa peremende, hesabuni kwanza ugali mliompakulia.