Tulipe Jua Mgongo Ndipo Tulione

Watu wa mwambao wa Kilwa na Lindi hawahitaji kuelezwa ukali wa jua. Kilwa Kisiwani kipo karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kwa sababu hiyo, mara mbili kila mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi, na nguzo iliyo wima hukosa kivuli. Wazee wetu walijua saa za sala kwa kupima kivuli. Walilisoma jua bila kulikodolea macho.

Hekima hiyo husahauliwa siku ya kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba, 2016, mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete ya mwanga. Pete hiyo ilionekana Rujewa, wilayani Mbarali, ambako watu wengi walikusanyika, na kilele chake kilifikiwa kusini mwa nchi yetu muda mfupi baada ya saa sita mchana. Kilwa na Lindi mjini jua lilimegwa sehemu kubwa, lakini halikuwa pete.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwanga unapofifia, mtoto hudhani jua limepoa. Kumbe kipande kinachobaki kina ukali ule ule. Jicho lina lenzi, nayo hukusanya miali mahali pamoja, kama kioo cha kukuzia kinavyounguza karatasi. Utando wa nyuma ya jicho huungua bila maumivu yoyote, kwa maana hauna neva za kuhisi uchungu. Saa kadhaa baadaye mtoto huona doa jeusi katikati ya kila kitu, na hakuna tiba ya uhakika ya kulifuta. Miwani ya kawaida ya jua, picha za eksirei, kioo kilichopakwa masizi na beseni la maji si kinga.

Je, tufanyeje? Chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini, kisha ulipe jua mgongo. Acha mwanga upite katika tundu na kuangukia karatasi nyeupe umbali wa mita moja. Utaona duara dogo lenye upana wa milimita 9 hivi. Hiyo ndiyo picha ya jua, na siku ya kupatwa itamegeka mbele ya macho yako. Hata chini ya mwembe, nafasi ndogo baina ya majani hufanya kazi hiyo hiyo, na ardhi hujaa hilali nyingi.

Usidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1612 Galileo, kwa njia aliyoibuni mwanafunzi wake Castelli, aliacha darubini itupe picha ya jua juu ya karatasi, akayachora madoa yake. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Lyot aliweka kisahani ndani ya darubini ili kuliziba jua, akaiona taji yake bila kungoja kupatwa. Leo darubini ya Inouye huko Hawaii, yenye kioo cha upana wa mita 4, hupiga picha za uso wa jua ukitokota kama uji. Wote hao hawakosi kinga. Nawe usielekeze kamwe darubini kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake. Miwani ya kupatwa kwa jua ukiivaa nyuma ya darubini haitakuokoa.

Tarehe 2 Agosti, 2027, jua litapatwa kabisa katika nchi kama Misri na Yemen, na huku kwetu litamegwa sehemu tu. Kwa hiyo hatari itakuwa ile ile. Wazazi, muda wa kutosha tunao. Tuwafundishe watoto kutoboa kadi sasa, wazoee kugeuka. Kadi na pini hupatikana katika kila nyumba, lakini jicho likishaungua haliuzwi dukani.