Kiti cha Mwanafunzi Katika Bodi Ki Tupu

Wapenda mageuzi wa jiji hili tumezoea kuitafuta demokrasia katika majengo makubwa ya katikati ya mji. Twaitafuta Bungeni, twaitafuta katika Mahakama ya Juu, na mambo ya watoto wetu yanapoharibika twaandamana hadi Jumba la Jogoo, makao ya Wizara ya Elimu, tukidai waziri atoke atusikilize. Si vibaya. Lakini leo twamwomba msomaji ageuze uso upande wa magharibi, apande nasi matatu ya nambari 46 mpaka Kawangware, au aelekee Riruta au Kangemi, kisha asimame nasi katika ua wa shule ndogo ya sekondari ya kutwa. Humo ndimo raia anamofundishwa kusema au kunyamaza, nasi twahofu kwamba anafundishwa zaidi kunyamaza.

Shule tunayoizungumzia si moja. Ni ile yenye mkondo mmoja au miwili na wanafunzi mia mbili na kitu. Haina bweni, haina basi lenye jina ubavuni, wala haitajwi magazetini matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Maabara ni moja, na Kemia husubiri Fizikia itoke. Ua ni mmoja, nao ndio uwanja wa gwaride, wa mpira na wa kulia chakula. Mwalimu mkuu amjua kila mtoto kwa jina, na mara nyingi amjua na mama yake pia, auzaye mboga njia panda. Mwanafunzi huamka alfajiri katika chumba kimoja walalamo watu watano, akatembea hadi shuleni, akarudi jioni kuchota maji na kuwaogesha wadogo zake kabla ya kufungua daftari. Hatuyasemi haya kwa kuomba huruma. Twayasema kwa sababu mtu anayeyaweza hayo yote akiwa na miaka kumi na sita hawezi kuambiwa kwamba hajakomaa kuulizwa maoni yake.

Sisi tulio wanasheria hualikwa mara kwa mara kuzungumza na wanafunzi wa shule za namna hii. Katika shule moja tulimkuta mwalimu hodari wa Historia na Serikali akiwaandikisha sifa za uchaguzi huru na wa haki: kura ya siri, wagombea wasiotishwa, msimamizi asiyependelea, matokeo kutangazwa hadharani. Wanafunzi waliziandika kwa hati nzuri, maana ni sifa zinazoulizwa katika mtihani. Kengele ikalia, wakatoka gwarideni, na hapo naibu wa mwalimu mkuu akasoma kutoka kipande cha karatasi majina ya viranja wapya. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna hata aliyecheka, jambo ambalo lilitusikitisha zaidi.

Katika shule nyingine tuliambiwa kwa fahari kwamba viranja huchaguliwa na wanafunzi wenyewe. Wagombea husimama mbele, kila mwanafunzi akapanga foleni nyuma ya ampendaye, na walimu wakahesabu. Wasomaji wetu wa makamo hawahitaji kuelezwa jina la utaratibu huo. Mlolongo wa 1988 ulilalamikiwa nchi nzima kwa kuwatawaza wenye foleni fupi, viongozi wa makanisa wakaupinga waziwazi, na hatimaye ukaachwa. Sisi wakati huo tulikuwa watoto wa shule ya msingi, na bado twawakumbuka wazee waliorudi nyumbani siku hiyo wakiwa hawana la kusema. Kumbe mlolongo haukufa. Ulihamia shuleni, ukapewa sare.

Kuna ajabu moja ya historia ambayo twapenda kuirejelea. Mwezi wa Julai 1990, Bwana Kenneth Matiba na Bwana Charles Rubia wakiwa kizuizini, na polisi wakiwa wamewatawanya wananchi Kamukunji siku ya Saba Saba, serikali hiyo hiyo iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 12 cha mkataba huo chasema kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Yaani wakubwa walinyimwa sauti mwezi ule ule ambao watoto waliahidiwa. Wakubwa walipigania yao, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Ahadi ya watoto ilibaki kwenye makabati.

Haikubaki huko daima, na hapa ndipo palipo na kiini cha makala haya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iliyotungwa ili kuitekeleza Katiba ya 2010, yaeleza katika kifungu cha 56 ni akina nani wanaokaa katika bodi ya usimamizi wa shule. Wamo wawakilishi wa wazazi na jamii, wamo wa walimu, wamo wa mdhamini wa shule, yumo wa watu wenye mahitaji maalumu. Na yumo mwakilishi wa baraza la wanafunzi, aliye mjumbe kwa wadhifa wake. Bunge la Kenya lilimwekea mwanafunzi kiti, kwa maandishi, katika sheria ya nchi.

Katika shule ndogo tulizozitembelea, kiti hicho ki tupu. Tumeuliza sababu. Tumeambiwa kwamba wakati wa kikao mwanafunzi huwa darasani. Tumeambiwa kwamba kuna mambo yasiyofaa kusikiwa na mtoto. Tumeambiwa, na mwalimu mkuu mmoja mwungwana aliyetukaribisha chai, kwamba mtoto akizoea kukaa na wazee mezani atapanda kichwa na siasa zitaingia shuleni. Hoja ya pili ina ukweli wake: bodi ikimjadili mwalimu aliyekosa, mwanafunzi aweza kuombwa atoke kwa muda, kama afanyavyo mjumbe mwingine yeyote mwenye maslahi katika shauri. Lakini hoja ya siasa twaijua tangu zamani. Ndiyo ile ile waliyoambiwa baba zetu walipodai vyama vingi, kwamba wananchi hawajakomaa na nchi itasambaratika.

Tuyaache maneno, tutazame fedha, kwa maana fedha ndizo zinazojadiliwa mezani hapo. Mpango wa elimu ya sekondari ya kutwa bila malipo ulianza 2008. Tangu 2018 mgao uliotangazwa na serikali umekuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 240 ilipaswa basi kupokea shilingi 5,338,560. Julai 2025, Waziri wa Fedha Bwana John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina ilikuwa na uwezo wa kutoa takriban shilingi 16,900 tu kwa kila mwanafunzi. Mtoto wa sekondari aweza kuitoa tofauti hiyo na kuizidisha: shule hiyo ndogo yapungukiwa na zaidi ya shilingi milioni moja na robo kwa mwaka.

Shule kubwa za mabweni zina njia za kujikinga. Zina majengo ya kukodisha, na zina wanafunzi wa kale wenye vyeo na mifuko. Shule ndogo ya kutwa ina mwalimu wa Kemia aliyeajiriwa na bodi kwa sababu serikali haijaleta wa kwake, na mgao ukichelewa huyo ndiye wa kwanza kukosa mshahara. Akikosa miezi miwili huenda kutafuta pengine, nani atamlaumu? Darasa hukaa na vitabu bila mwalimu, na mwisho wa mwaka alama za Kemia husomwa mbele ya wazazi kana kwamba ni uvivu wa watoto. Bodi huamua kama fedha chache zilizopo zimlipe mwalimu, zipake lango rangi, au zigharimie safari ya semina. Yule ajuaye ni vipindi vingapi vya Kemia vilivyopita bila mwalimu hayumo chumbani.

Na chakula je? Elimu ya kutwa yaitwa ya bure, lakini chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Mpango wa kaunti ya Nairobi uliozinduliwa 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi tano kwa mlo, ulikusudiwa watoto wa chekechea na wa shule za msingi za umma. Kakake wa sekondari hakutiwa. Kwa hiyo bodi hupanga kiasi cha fedha za chakula, na huamua pia afanywe nini asiyelipa: arudishwe nyumbani, anyimwe sahani, au ale kwanza deni lifuatiliwe kwa mzazi. Tumewasikia wanafunzi wakieleza jinsi wenzao wanavyojificha maktabani saa saba ili wasionekane hawali, na jinsi marafiki wanavyogawana githeri ya mmoja watu watatu. Wazee wa bodi hawayajui hayo, na si kwa ubaya wa moyo. Hawapo saa saba.

Atakayesema kwamba mwanafunzi mwenye malalamiko ana njia nyingine, tutamkumbusha kisa cha shule ya sekondari ya Olympic, Kibera. Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza mwenye imani ya Rastafari alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake. Ilibidi babake aende Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba msichana alibaguliwa, akaamuru aruhusiwe kusoma. Twaipongeza hukumu hiyo. Lakini kesi ilichukua sehemu kubwa ya mwaka, tena ni wazazi wangapi wa Kibera au Kawangware wawezao kumfikia wakili? Jambo la nywele lingeweza kuzungumzwa mezani, pale pale shuleni, na mtu wa rika la msichana huyo akiwapo.

Huko kwenye shule za mabweni, mabweni yakiungua serikali huunda jopo, jopo huandika ripoti, na ripoti hushauri wanafunzi wasikilizwe. Shule ndogo za kutwa hazina bweni la kuungua. Labda ndiyo sababu hazijaundiwa jopo.

Mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, wautaja uraia kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Neno zuri. Hatuoni utafundishwaje kwa mtoto ambaye kiranja wake aliteuliwa na ambaye kiti chake katika bodi kinawekewa mikoba ya wajumbe.

Walimu wakuu hatuwahesabu kuwa maadui katika jambo hili. Wengi wao hufanya kazi ya watu watatu, na mgao ukipunguzwa katikati ya mji, wao ndio wanaotukanwa na wazazi huku magharibi. Mwakilishi wa wanafunzi aliyeziona hesabu kwa macho yake angekuwa shahidi wao bora mbele ya wenzake.

Wazazi na wajumbe wa bodi wasomao ukurasa huu wanayo nafasi katika kikao cha muhula ujao. Waulize, na jibu liandikwe katika kumbukumbu, kama baraza la wanafunzi limechaguliwa kwa kura ya siri na ni nani aliyelitumwa kuliwakilisha. Karatasi za kura zaweza kukatwa kutoka daftari moja la shilingi chache, na sanduku la chaki latosha kuzipokea. Kikao kikifanywa saa kumi jioni, hakuna kipindi atakachokikosa mwakilishi. Nakala ya hesabu apewe siku ile ile wanapopewa wajumbe wengine, na zile za chakula zibandikwe ukutani, karibu na dirisha la jikoni.