Bourse haiko zawadi ya mkubwa



Kila mwaka matokeo ya Examen d'État yakitoka, mitaa ya Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani inajaa shangwe. Vijana wanamwagiwa poda kichwani, wamama wanapiga vigelegele. Wiki chache tu, furaha inageuka hesabu: makuta ya kujiandikisha, minerval, chumba cha kupanga, usafiri, syllabus. Hapo ndipo watoto wengi wa maskini wanabakia njiani. Akili wanayo, makuta ndiyo hawana.

Haikuwa hivi siku zote. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai, pamoja na mengine, bourse inayotosha. Askari waliwapiga risasi. Wazee waliosoma baadaye, wakati wa UNAZA, bado wanatusimulia bourse ya Serkali na nyumba za chuo. Kisha uchumi wa inchi ukaanguka, bourse ikakufa polepole, mzigo wote ukahamia mgongoni mwa mzazi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za Serkali. Tangu 2019 hatua hiyo ilianza kutekelezwa, na tunaiunga mkono. Lakini mtoto huyo atakua. Akifika kwenye mlango wa chuo kikuu, nani atamfungulia?

Leo anayefungua ni mheshimiwa. Uchaguzi ukikaribia, anachagua vijana kumi, anawalipia frais, anapiga nao picha, anawavalisha T-shirt yenye sura yake. Hatuwalaumu vijana wanaopokea. Lakini tuambiane ukweli: anayekulipia frais leo, kesho atakuomba sauti yako, na kesho kutwa atakuomba unyamaze. Na wale mia waliobakia inje ya ile picha, wao hawana haki?

Watatujibu: Serkali haina makuta, tuko mu vita. Sisi tunasema vita ndiyo sababu ya kufanya haraka. M23 ilipoingia Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, banki zilifungwa. Hata mzazi aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa. Mwanafunzi aliyekimbia na nguo moja, mnamtaka alete minerval kutoka wapi?

Na iko inchi jirani yenye kujaribu. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004: mwanafunzi anakopa, akipata kazi anarudisha. Hata kule wako wanaokosa na kulalamika. Lakini iko sheria, iko ofisi, iko mahali pa kupeleka malalamiko. Kwetu, malalamiko yanaishia barabarani. Januari 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa walipopinga kupandishwa kwa frais, masomo yalisimamishwa na wakafukuzwa kwenye nyumba za chuo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Budget ya inchi iwe na mstari wa bourse na mikopo ya wanafunzi, na makuta hayo yatoke kweli, yasibakie mu karatasi.

2. Masharti ya kupata yajulikane mbele, na orodha ya waliopata ibandikwe wazi katika kila chuo.

3. Wanafunzi waliokimbia vita wapewe nafasi ya kwanza, na asifukuzwe mtu kwenye mtihani kwa sababu ya frais wakati banki za kwao zimefungwa.

4. Mbunge mwenye huruma na wanafunzi aionyeshe Bungeni, wakati wa kupiga kura juu ya budget.

Wewe mwanafunzi, mheshimiwa akija na bahasha, chukua ikiwa huna njia ingine, lakini muulize mbele ya watu wote: sheria ya bourse iko wapi? Wewe mzazi, uliza naye. Swali moja likiulizwa na watu elfu, mkubwa hawezi kulijibu na T-shirt.