Mkate wa Jana Hauna Kosa

Simama asubuhi kwenye duka lolote la Njoro, hapa Moshi, uone mkate unavyochaguliwa. Mnunuzi hasomi tarehe. Anaubonyeza kwa kidole gumba, anangoja uinuke, kisha anauliza, "Wa leo huu?" "Wa leo, mama." Usipoinuka upesi unarudishwa kwenye shelfu. Imani iliyopo ni kwamba mkate mzuri ni ule laini, na ulaini ukiisha mkate nao umekwisha. Naipinga imani hiyo.

Wengi hudhani mkate hukakamaa kwa sababu umekauka. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kuwa hukakamaa hata ukizuiwa usipoteze maji, na ukipashwa moto hulainika tena. Wanga uliolegezwa na joto la tanuri hujipanga upya na kukaza kadiri siku zinavyopita, na baridi huongeza kasi. Kwa hiyo mkate ulionunuliwa mjini ukapandishwa Marangu au Kibosho mwezi wa Julai, kama zawadi ya bibi, hukakamaa mapema kuliko mwenzake uliobaki Njoro. Uliotiwa kwenye friji hukakamaa kuliko yote miwili. Friji huchelewesha ukungu tu. Ulaini haiulindi hata kidogo.

Tena ulaini hausemi mengi kuhusu kazi ya mwokaji. Mafuta, sukari na viboreshaji vya unga vinaweza kuufanya mkate uendelee kubonyea siku kadhaa. Mkate wa unga, maji, chumvi na hamira peke yake hukakamaa kesho yake, hata kama uliachwa uumuke kwa subira na kuokwa vizuri. Kidole gumba kitaupitisha ule wa kwanza. Ulimi wangu unauchagua wa pili.

Kule pwani kuna mkate wa mofa, wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Huo haubonyei tangu unapotoka motoni, na wanaoupenda hawaoni kasoro, maana wanataka kitu cha kubeba mchuzi. Na sisi wenyewe tunakiheshimu kiporo. Maharage yaliyolala husifiwa kuwa yamekolea. Chapati ya jana ikipashwa kwenye kikaango na kuliwa na chai ya maziwa, watoto huigombania. Mkate ndio unaonyimwa heshima hiyo.

Hoja moja ya wapenda mkate wa leo naikubali: ukungu. Wakati wa masika, mkate ulio kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu upesi, na ukishaota unatupwa wote, kwa sababu nyuzi zake hupenya ndani kuliko doa tunaloliona. Lakini huo ni mkate ulioharibika. Mkate uliokakamaa tu haujaharibika.

Huo ndio ninaoutaka kwa chai. Slesi laini ukiichovya hukatika na kuzama, ukabaki kuisaka kwa kijiko. Ya jana hunywa chai na kufika mdomoni ikiwa nzima. Na kwa kuchoma, haina mpinzani. Subiri chakula kiishe kuiva na makaa yaanze kufifia, weka wavu juu ya jiko, panga vipande vinene, na usiondoke hapo, kwani kipande huungua wakati unaitika hodi. Ukiona michirizi ya kahawia, geuza. Nje hupata ganda linalovunjika kwa sauti, ndani wanga umeshalegea tena. Parachichi la mlimani lililoiva vizuri liponde kwa uma, tia chumvi, kamulia ndimu, kata pilipili ukipenda, kisha lipake lingali jipya na mkate ungali wa moto. Ukilipaka kwenye slesi laini isiyochomwa, kipande kinalowa na kulegea mkononi. Kwenye ganda la moto linatulia, na kila tonge lina vitu viwili, ukavu na mafuta, ambavyo mkate wa leo hauwezi kukupa pamoja.

Skonzi zilizolala nazo nazitetea: zipasue katikati, paka siagi, zilaze kifudifudi kwenye kikaango mpaka zinukie. Maandazi hapana. Yakilala, mafuta yaliyokaangiwa hupoteza ladha, na kuyapasha hakuirudishi. Hayo yaliwe siku hiyohiyo.