Mgeni Kambini

Ni desturi ya serikali nyingi, kila vita inaporefuka, kuwapelekea askari wageni wenye majina makubwa. Mara huenda Rais, mara waziri, mara mwimbaji au mchekeshaji. Husemwa kwamba askari hutiwa moyo. Sisi hatukatai. Kijana aliyekaa miezi matopeni hufurahi kuona kwamba kwao hawajamsahau. Lakini moyo huo hudumu siku ngapi?

Tutazame Vietnam. Mchekeshaji Bob Hope alikwenda huko kila Krismasi tangu 1964 hadi 1972, na maelfu ya askari wa Marekani walimshangilia. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 1969, kule Lai Khe, alipowaambia kwamba Rais Nixon amemhakikishia kuwa anao mpango wa kuleta amani, walizomea. Twaona kwamba waliyemzomea si mchekeshaji, bali ahadi. Mzaha waliupokea, maana mzaha haumdanganyi mtu.

Mfanyakazi yeyote aliyepata kupangwa mstari asubuhi, mashine zimefutwa vumbi, kumngoja mkubwa apite, anaelewa tunayosema. Askari naye ni mfanyakazi, ila ajali ya kazi yake ni kifo. Ziara humfaa pale tu mgeni anaporudi na neno alilolisikia huko.

Tarehe 8 Desemba 2004 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alizungumza huko Kuwait na askari waliokuwa wakingoja kuvuka mpaka kuingia Iraq. Aliwaruhusu kuuliza, na kwa hilo twampa haki yake. Askari mmoja akasimama, akauliza kwa nini walazimike kuokota vyuma chakavu majalalani ili kuyakinga magari yao na mabomu. Wenzake wakashangilia. Waziri akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilo nalo, si lile analolitamani. Baadaye ikajulikana kuwa mwandishi wa habari alisaidia kulitunga swali lile. Na iwe hivyo. Makofi hayakutungwa na mwandishi.

Wenye kiwanda cha kuyavika magari hayo chuma wakasema kwamba uwezo wa kutengeneza zaidi walikuwa nao, ila hawajaagizwa. Haikupita wiki, jeshi likataka kazi iongezwe kutoka magari 450 hadi 550 kwa mwezi.